Ukimsaka babu kwenye sensa, anza na matamshi ya jina lake

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mwalimu mstaafu kutoka Pwani, ameniandikia barua pepe ndefu kuhusu babu yake. Familia yao inafuatilia urithi wa shamba. Hatimiliki ina jina Athumani. Cheti cha kifo kinasema Othman. Kwenye stakabadhi za mwanawe mkubwa, mahali pa jina la baba, pameandikwa Uthman. Ofisini wamerudishwa nyumbani mara mbili. Sasa anauliza: je, sensa za enzi ya ukoloni haziwezi kuthibitisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja?

Kwa Kenya, jibu ni la. Sensa ya kwanza kuwahesabu Waafrika nchini kote ilifanyika mwaka wa 1948. Zile za awali, kama za 1921 na 1931, ziliwashughulikia Wazungu, Waasia na wengine ambao serikali haikuwaita wenyeji. Waafrika walikadiriwa tu, hasa kutokana na orodha za kodi ya nyumba. Mkoloni alitaka kujua vibanda vingapi vitatozwa. Nani alilala ndani yake halikuwa swali lililomkosesha usingizi. Na hata sensa za baada ya uhuru hutupa jumla tu, kwa kuwa taarifa za mtu binafsi ni siri kisheria.

Hata hivyo, swali la mwalimu lina kiini cha kiisimu ambacho kimewasumbua kwa miaka mingi watu wa nchi zinazofungua sensa zao. Uingereza huzifungua baada ya miaka 100, Marekani baada ya 72. Huko mtu hujifungia maktabani akimtafuta babu mzaa babu, na mara nyingi haambulii kitu. Si lazima iwe kwamba babu hakuhesabiwa. Huenda yumo, ila kwa sura nyingine.

Wengi wetu tunamjua Kunta Kinte kutokana na riwaya na filamu ya Roots. Mwandishi wake, Alex Haley, alisimulia jinsi alivyoketi kwenye hifadhi ya nyaraka mjini Washington akipekua sensa ya 1870 ya Kaunti ya Alamance, jimbo la North Carolina. Alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona Tom Murray, mhunzi, pamoja na mkewe Irene na watoto wao. Ni majina yaleyale aliyoyasikia utotoni barazani kwa nyanyake. Nyanya mwenyewe hakuwemo, maana alikuwa hajazaliwa. Sehemu za kale zaidi za masimulizi ya Haley zilikuja kupingwa vikali na wataalamu wa nasaba, lakini tukio hilo linaonyesha vizuri utafutaji ulivyo: bila hadithi za nyanya, Tom Murray angekuwa mhunzi tu miongoni mwa wahunzi.

Mwaka huo wa 1870 wazawa wa watumwa huuita ukuta. Ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani kuwaorodhesha kwa majina wale walioachwa huru baada ya vita. Rudi nyuma hadi 1860 au 1850 na utakuta daftari maalumu la watumwa: jina la mwenye mali juu, kisha chini yake umri, jinsia na rangi. Majina yao, ni nadra mno. Mtafiti analazimika kukisia. Mwanamume wa miaka 37 mwaka wa 1870 anapaswa kuwa na 27 katika daftari la 1860, basi anatafuta alama hiyo chini ya majina ya mabwana walioishi jirani. Na umri wenyewe haukuwa wa kuaminika. Uingereza, katika sensa ya 1841, makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye kigawe cha tano. Mtu wa miaka 34 akaandikwa 30.

Turudi kwa majina, maana hapo ndipo penye utamu. Jina la sensa halikutoka kinywani likaingia kitabuni moja kwa moja. Lilipita kwenye sikio la karani, na sikio lina lugha yake. Wamarekani walipotaka kutengeneza faharasa ya sensa zao katika miaka ya 1930, watu wakihitaji ithibati ya umri ili walipwe pensheni, walitumia mbinu iitwayo Soundex. Robert Russell alikuwa ameipatia hataza mwaka wa 1918. Herufi ya kwanza ya jina la ukoo hubaki. Irabu hutupwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zinazosalia hupewa tarakimu kwa makundi: b, f, p na v ni 1, t na d ni 3, m na n ni 5, na kadhalika hadi tarakimu tatu zitimie. Kwa hiyo Smith na Smyth huangukia faili moja, S530. Ni fonetiki ya karani, lakini imewafaa wengi.

Haya basi, tuiletee majina yetu. Said na Seyyid, wote S300, hakuna neno. Juma na John nao ni J500, wakaae pamoja wapende wasipende. Lakini Hamisi ni H520 na Khamis ni K520. Na babu wa mwalimu wetu? Athumani ni A355, Uthman ni U355, Othman ni O355. Tarakimu zote zimeafikiana, ila faili ni tatu kwa sababu ya irabu moja ya mwanzo.

Irabu hiyo ina historia. Kwa Kiarabu jina hili huanza kwa konsonanti ya kooni, ain, ambayo Kiswahili hakinayo. Konsonanti ikadondoka, irabu iliyoifuata ikabaki ikitamkwa u, o au a kutegemea msemaji. Mwishoni tukaongeza i, maana silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Athumani ni Uthman aliyekaa Uswahilini akazoea. Othman ni tahajia iliyopendwa na makarani waliosomea Kiingereza.

Kwa hiyo mwalimu asipoteze nauli akisaka sensa. Kuna madai ya ardhi ya Pwani yaliyosajiliwa chini ya sheria ya 1908, kuna rekodi za ndoa kwa kadhi, na kuna kipande, ambacho wanaume Waafrika walianza kubebeshwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na ambacho kiliwekwa alama za vidole. Kabla ya kwenda, amketishe mzee yeyote wa ukoo aliye hai, amrekodi akilitaja jina la babu pamoja na la baba yake babu, jina la mtaa na majirani wa shamba. Kisha aombe kutafutiwa chini ya A, O na U, na akiwa na muda aulizie pia Osman. Hati ya kiapo kuhusu majina hayo wakili ataiandaa. Maelezo ya kiisimu ya kuambatanisha nimekwisha kumtumia.