Sura ya Nne: Mfumo Unapozidiwa

Semina za ujasiriamali hazimkosi mtu wa kuwaambia vijana kwamba biashara ikishaingizwa kwenye simu haina tena mpaka. Ni upotoshaji, na unawagharimu watu akiba zao. Biashara inaweza kukua mara kumi bila kuwa na uwezo wowote wa kupanuka. Ikiwa kila kundi jipya la wateja linakulazimu kuajiri na kukodi upya kwa kiwango kile kile, umekua, lakini gharama nazo zimekua bega kwa bega nawe. La kuuliza ni hili: mteja anayefuata atakugharimu kiasi gani, naye atasubiri kwa muda gani, ukimlinganisha na waliomtangulia?

Wanasemina hupenda kuitaja WhatsApp. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wafanyakazi 55 tu. Ni kweli kabisa. Wanachokiruka ni kwamba WhatsApp ilibeba ujumbe, na ujumbe hauhitaji ghala, gari wala droo ya pesa.

Wengine hudhani dawa ni kununua seva kubwa zaidi. Seva moja ina kikomo chake. Unaweza kuongeza nyingi ndogo zigawane kazi, lakini kazi yenyewe lazima ikubali kugawanyika. Mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kwamba sehemu isiyogawanyika ndiyo huweka kikomo: ikiwa asilimia 5 ya kazi ni lazima ifanywe hatua kwa hatua, hata ukiwa na seva elfu moja kasi haitafika mara 20. Kwenye malipo sehemu hiyo ni salio. Miamala miwili ikigusa akaunti moja kwa wakati mmoja, mmoja sharti usubiri, la sivyo pesa ile ile itatumika mara mbili.

Nilikusudia sura hii yote iwe ya seva, lakini M-Pesa hainiachi. Ilijaribiwa kwanza kama njia ya kurejesha mikopo midogo, kisha Safaricom ikaizindua Machi 2007 kama huduma ya kutumiana pesa. Wanaoisifu huisifu teknolojia. Mimi namtazama wakala.

Mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa Nairobi wanaweka pesa ili wazitume nyumbani. Droo ya wakala inafurika noti huku floti yake, yaani salio lake la M-Pesa la kuhudumia wateja, ikikauka, mpaka anaanza kuwarudisha wateja. Kijijini Siaya mambo yako kinyume: floti tele, droo tupu. Mama amepokea ujumbe kwamba pesa imeingia, salio analiona, lakini wakala hana noti za kumpa. Inabidi afunge duka, apande matatu hadi mjini, apange foleni benki, ndipo arudi. Muamala wa sekunde chache umesimama kwa saa kadhaa, na hakuna seva hata moja iliyozidiwa. Mwambie mwanasemina aongeze seva hapo tuone.

Kilichoivusha M-Pesa ni mpangilio wa watu na mtaji. Wakala huleta duka lake na pesa zake, hulipwa kamisheni, na hivyo kampuni ikaenea nchi nzima bila kujenga matawi. Benki na mawakala wakuu wakachukua kazi ya kubadilisha noti kuwa floti na floti kuwa noti. Hata hivyo safari ya mjini haikuisha, kwa sababu aliyetumiwa pesa alikuwa bado anaitoa. Ndiyo maana naiona Lipa na M-Pesa ya mwaka 2013 kuwa hatua kubwa kuliko seva yoyote iliyoongezwa: mama akimlipa mwenye duka kwa simu, ile pesa haipiti tena kwenye droo ya wakala.