KUJITOA KATIKA JUMUIYA YA BIASHARA: USHURU, MIPAKA NA MZALISHAJI WA NYASA

Katika madarasa ya itikadi swali moja hurudi kila mara jirani anapofunga lango lake: ikiwa jumuiya hizi za biashara zinatubana, kwa nini tusijitoe? Swali hili ni halali, na kada anayelikwepa hafai kusimama mbele ya wananchi. Lakini mara nyingi linaulizwa kana kwamba kujitoa ni kuhama. Nchi haihami. Tukijitoa leo katika mkataba wowote, Malawi itaendelea kuwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa na Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, na mvuvi wa Liuli ataendelea kutupa nyavu katika maji yale yale. Kinachobadilika ni masharti ya kukutana na jirani. Masharti hayo ndiyo tunayotaka kuyachambua hapa, tukitumia mifano ya upande huu wa nchi, tangu milima ya Umatengo, katika kata kama Ukata, hadi ufukweni Mbamba Bay.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mkulima wa Ukata akisikia kwamba "ushuru umefutwa" hufikiri habari ya ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri. Ushuru huo hauhusiani na SADC, COMESA wala Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kodi yetu wenyewe, tunapanga wenyewe, na hata tukijitoa katika jumuiya zote za dunia utabaki pale pale kizuizini. Ushuru unaozungumzwa katika mikataba ni ushuru wa forodha, yaani ule unaotozwa bidhaa kwa sababu tu imetoka nje ya nchi. Tena kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani. Sabuni iliyotengenezwa nchi jirani, hata ikisamehewa ushuru wa forodha kabisa, bado hutozwa kodi hiyo ya asilimia 18 inapoingia, kama itozwavyo sabuni ya Dar es Salaam. Kada anayewaambia wananchi kwamba ndani ya jumuiya bidhaa zote hupita bila kodi anawadanganya, nao watakapofika forodhani watamwona mwongo yeye pamoja na Chama chake.

NGAZI ZA UMOJA NA NGAZI ZA KUTOKA

Jumuiya za biashara hazilingani. Iko ngazi ya eneo huria la biashara, ambamo nchi wanachama hufutiana ushuru wa forodha zenyewe kwa zenyewe, lakini kila moja hubaki na kitabu chake cha ushuru kwa bidhaa zitokazo kwingine. SADC imefikia ngazi hiyo tangu 2008. Juu yake iko ngazi ya umoja wa forodha, ambamo wanachama huwa pia na ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliingia ngazi hiyo tarehe 1 Januari 2005, kwa viwango vitatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35.

Anayetoka katika eneo huria hupoteza msamaha na hurudishiwa rungu. Bidhaa zake huanza kutozwa kama za mgeni yeyote, naye hupata tena haki ya kuwatoza wenzake. Anayetoka katika umoja wa forodha ana kazi kubwa zaidi. Hana budi kuandika upya kitabu chake cha ushuru, kuweka maofisa mahali ambapo ukaguzi ulikuwa umepunguzwa, na kugawana mali na madeni ya vyombo vilivyokuwa vya pamoja.

Jambo hili la mwisho tulilionja wenyewe. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Mkataba ule ulikubali pia kwamba nchi hazikuwa sawa kiviwanda, ukaruhusu kodi maalumu ya kuvilinda viwanda vya nchi zilizokuwa nyuma. Kodi hiyo haikutosha kuzuia faida kukusanyika upande mmoja, na pamoja na uhasama wa kisiasa baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Februari ya mwaka huo mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Shirika la ndege, la reli na la bandari yakalazimika kuundwa upya hapa nchini. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi Arusha Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika kwenyewe. Wale wanaosema kujitoa ni kazi ya siku moja waihesabu miaka hiyo. Na katika muda wote huo biashara ya mpakani haikufa: iligeuka magendo, na faida yake ikawaangukia wenye magari na wenye kujuana na walinzi wa mpaka.

SEPTEMBA 2000

Mfano unaotufaa zaidi, hata hivyo, ni ule wa COMESA, kwa sababu huo ulifanyika kwa utaratibu na kwa hiari. Mkataba wa COMESA unamtaka mwanachama anayejitoa atoe taarifa mwaka mmoja kabla. Tanzania ilitoa taarifa mwaka 1999, ikatoka Septemba 2000. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 31 Oktoba 2000, nchi tisa za COMESA, zikiwamo Kenya, Malawi, Zambia na Misri, zilianza eneo lao huria. Sababu za serikali wakati huo zilieleweka: hofu ya kupoteza mapato ya forodha, hofu ya viwanda vyetu kuzidiwa na vile vya Misri, Kenya na Zimbabwe, na gharama ya kuwa mwanachama wa jumuiya nyingi zinazofanya kazi ile ile. Nchi ambayo hazina yake inategemea forodha haiwezi kuufuta ushuru kwa furaha kama nchi yenye kodi nyingine za kutosha.

Je, mkulima wa Mbinga aliona nini? Katika kahawa hakuona kitu. Kahawa yake huuzwa Ulaya, Japani na Marekani, na bei yake haipangwi Lusaka yaliko makao makuu ya COMESA. Hapa tuseme wazi kwamba mzalishaji anayeuza zao ghafi kwa nchi za kibepari hayumo hasa katika biashara ya jumuiya yoyote ya Afrika, hata nchi yake ikiwa mwanachama wa jumuiya kumi. Mabishano ya kubaki au kutoka yanamgusa zaidi mtu wa mahindi, mchele, ndizi na dagaa, yaani mtu ambaye mteja wake yuko ng'ambo ya maji.

Kwa mtu huyo pia makaratasi yalibadilika kidogo kuliko wengi walivyotazamia. Msumbiji ilikwisha toka COMESA mwaka 1997, hivyo kingo zote mbili za Ruvuma zikawa nje. Malawi ilibaki ndani, lakini sisi na Malawi sote ni wanachama wa SADC, na itifaki ya biashara ya SADC ilianza kutumika mwaka huo huo wa 2000. Tulitoka chumba kimoja tukakutana na jirani yule yule katika chumba cha pili. Hata vitu vingine vya chumba cha kwanza hatukuviacha: bima ya magari ya Kadi ya Njano, iliyoasisiwa na jumuiya ile, tunaendelea kuitumia, na katika benki yake ya biashara na maendeleo tumebaki wenye hisa.

Tulichopoteza kilikuwa kidogo kwa ukubwa lakini kizito kwa mtu mdogo. Baadaye COMESA ilianzisha utaratibu rahisi kwa wachuuzi wa mpakani: orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, na cheti cha ukurasa mmoja kinachojazwa pale pale forodhani kwa mzigo wa thamani ndogo. Mama wa Malawi anayepeleka mzigo wake Zambia ana njia hiyo. Akija Tanzania hana, nasi tukienda kwake hatuna. Anayetaka msamaha wa SADC anatakiwa kuwa na cheti kamili cha uasilia wa bidhaa, kinachothibitisha kwamba mchele ni wa Tanzania na haukuletwa kutoka Asia. Kampuni yenye wakala wa forodha hukipata bila shida. Mwenye magunia matatu ndani ya mtumbwi hakipati, hivyo hulipa ushuru ambao kisheria umefutwa, au hupita usiku.

Liko na tatizo la mlango wa nyuma. Kenya na Uganda zimo ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki na zimo pia ndani ya COMESA. Bidhaa ya Misri huweza kuingia Kenya bila ushuru kwa haki ya COMESA. Ikivuka kuja Namanga si bidhaa ya Afrika Mashariki, na ni lazima ilipiwe. Ndiyo kusema kwamba maofisa wa forodha hawawezi kuondolewa katika mipaka ya ndani ya umoja wa forodha wenyewe, maadamu mmoja yuko nje ya jumuiya ambayo mwenzake yumo. Kujitoa kwetu COMESA kulitupa haki ya kujilinda, na wakati huo huo kulitufunga tuwe tunapekua mizigo ya ndugu zetu.

Mambo haya hayako Afrika Mashariki tu. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa mapatano ya kutotozana ushuru kwa bidhaa zitakazothibitishwa kuwa za kwao. Ushuru ukabaki sifuri, lakini fomu, ukaguzi na vyeti vya uasilia vikarudi. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS Januari 2025, lakini zimebaki katika umoja wa fedha na forodha wa Afrika Magharibi unaotumia faranga. Kila anayetoka huangalia kwanza amebakiwa na nini mkononi.

UANACHAMA PEKE YAKE SI LANGO LILILO WAZI

Tusije tukaeleweka kwamba kubaki ndani ni dawa ya kila kitu. Machi 2025 Malawi, mwanachama mwenzetu wa SADC, ilizuia uingizaji wa unga wa mahindi, mahindi, mchele, tangawizi na ndizi, kwa hoja ya kuwalinda wazalishaji wake. Afrika Kusini, naye mwanachama, ilikuwa imezizuia ndizi zetu kwa miaka. Aprili 2025 Wizara yetu ya Kilimo ikajibu kwa kuzuia mazao yote ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, zuio likaondolewa. Hakuna aliyejitoa katika jumuiya, wala hakuna ushuru uliopandishwa hata senti moja. Mizigo ilisimama kwa amri, ijapokuwa itifaki ya SADC inakataza vizuizi vya namna hiyo isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

Tunaona kwamba jibu la wizara lilikuwa la haki, na lilifanya kazi upesi kwa sababu Malawi haina bahari na mizigo yake mingi hupita bandari ya Dar es Salaam. Lakini nguvu hiyo ina mpaka wake. Malawi ina njia za Nacala na Beira, na kila tunapotumia bandari kama fimbo tunamsukuma mteja kwenda kwa Msumbiji. Sisi wa Ruvuma inafaa tulitazame jambo hili kwa macho makali kuliko wengine. Taifa limeweka lami kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na kuamua kujenga huko bandari mpya, kwa matumaini kwamba mizigo ya Mtwara itavuka ziwa kwenda Malawi. Bandari hiyo haina kazi nyingine kubwa zaidi ya jirani huyo.

Basi anapotokea mtu akipendekeza tujitoe, kada amuulize: gharama itamwangukia nani? Mwenye kiwanda anayelindwa na ushuru wa asilimia 25 au 35 ana sababu ya kushangilia. Huenda pia mfanyakazi wake akabaki na kazi. Mfanyabiashara mkubwa atahamia soko jingine. Mkulima mdogo aliyekwisha vuna hawezi kuhamisha mahindi yake kwenda kokote, na mlanguzi atamkuta ghalani na bei ya kutupa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeliona hili kwa kiasi fulani: ibara yake ya 145 inamtaka anayejitoa apate kwanza azimio la Bunge lake kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha atoe taarifa ya miezi 12. Huo ni muda wa msimu mmoja wa kilimo.

Madai yetu yaelekee mahali penye uzito. SADC inahitaji utaratibu wa wachuuzi kama ule wa COMESA, unaofanya kazi Kasumulu na Mbamba Bay sawasawa, wenye orodha ya mazao yetu na cheti kinachojazwa ufukweni bila wakala. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019. Cheti hicho kichapwe kwa Kiswahili upande mmoja, na kwa Kichewa upande wa pili.