Kabla ya wembe: maji au mafuta?



Ndugu Muislamu, dini yetu imeuweka usafi wa mwili ndani ya ibada. Mtume (s.a.w.) ametaja kunyoa nywele za kinena, kunyonyoa za makwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu kuwa miongoni mwa mambo ya fitra. Katika Hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Imam Muslim, ukomo wa kuyaacha mambo hayo ni siku 40. Kwa hiyo wembe ni chombo cha kila nyumba ya Kiislamu. Tuangalie namna tunavyoutumia.

Swali linaloulizwa sana ni hili: je, inafaa kupaka mafuta au losheni kabla ya kunyoa? Huko vijijini Kisarawe wapo waliozoea mafuta ya nazi, na vijana wa Maili Moja, Kibaha, hununua losheni dukani. Jibu ni kwamba kinacholainisha unywele ni maji. Mafuta yana nafasi yake, lakini si ya kwanza.

Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu huyanywa, huvimba kidogo na kulainika, na wembe hupita bila kuvuta. Mafuta yakitangulia kwenye nywele kavu huzifunika na kuyazuia maji. Kisha hushikamana na nywele kwenye wembe, nawe unalazimika kukandamiza na kurudia palepale. Hapo ndipo ngozi inapochubuka.

Sisi wenye nywele za kujikunja tuna tatizo la ziada. Unywele ukikatwa chini mno, hukua ukijipinda na kuichoma ngozi upya. Ndiyo asili ya vile vipele vigumu vya kidevuni, shingoni na kinenani. Wengi huvipaka ndimu au spiriti, wakazidi kujiunguza.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Zikiwa nywele ni ndefu, zipunguze kwanza kwa mkasi.

2. Oga au lowesha mahali hapo kwa maji ya uvuguvugu.

3. Paka povu zito la sabuni isiyo kali. Ngozi yako ikiwa kavu sana, matone machache ya mafuta safi ya nazi yanaweza kutangulia povu, baada ya maji. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hayafai.

4. Nyoa kuelekea nywele zinakolala. Usiivute ngozi, na suuza wembe kila mara.

5. Suuza kwa maji baridi na ukaushe kwa kugusagusa. Sasa ndio wakati wa mafuta au losheni isiyo na manukato.

Losheni yenye manukato huwasha kwenye michubuko. Ama vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye steroidi, hivyo hufanya ngozi kuwa nyembamba na wembe huikata kwa urahisi. Vile vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini.

Mtoto anayenyolewa siku ya saba huhitaji tahadhari zaidi. Tumia maji ya uvuguvugu, povu kidogo na wembe mpya kabisa, na mkono uwe mwepesi kwenye utosi. Kichwa kilichojaa mafuta huteleza mkononi mwa mnyoaji.

Sasa tuje kwenye hatari kubwa zaidi. Zipo nyumba zenye wembe mmoja uliochomekwa dirishani: baba ananyolea, mama ananyolea, kijana naye anaukuta hapo hapo. Mafuta hayaui vijidudu, na kuufuta wembe kwa kitambaa hakuusafishi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka usiyoiona. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kupita kwa wembe wenye damu mbichi. Hata mke na mume, kila mmoja awe na wembe wake. Kinyozi naye afungue wembe mpya mbele yako, wala asikupitishie jiwe la shabu lililopita kwenye nyuso za wengine. Wembe uliotumika utiwe kwenye kopo gumu, mbali na watoto.

Kuhusu tohara, mafuta yaliyobaki kama ung'aavu tu kwenye ngozi hayazuii udhu wala josho. Lakini tabaka nene linalozuia maji kufika kwenye ngozi ni lazima liondolewe kwanza.

Ukiona usaha, uvimbe unaokua, au homa baada ya kunyoa, usikamue. Nenda zahanati iliyo karibu, nao watakuelekeza Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe ikihitajika. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja, kwani kajipu kadogo kwake huweza kuwa kidonda kikubwa.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii kabla hujashika chupa ya mafuta, bandika maji jikoni. Na kabla hujashika wembe, jiulize ni wa nani.

Wabillahi tawfiq.