Mlinzi wa Lango na Daftari la Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, askari wa jeshi na polisi mlio zamu jioni hii,

Mlinzi akilinda vema, hapana habari. Mshambuliaji husifiwa kwa mabao aliyofunga. Mlinzi hupimwa kwa mabao ambayo hayakufungwa. Ninyi mliozoea lindo mnalielewa jambo hilo kuliko wengi. Kwa hiyo uchambuzi wetu wa leo unamhusu mlinzi mmoja wa kandanda, Youssouf Ndayishimiye, na swali linalotokana na safari yake: je, waliomlea mchezaji wa namna hiyo hustahili kupata nini?

Ndayishimiye alizaliwa Bujumbura mwaka 1998. Hucheza beki wa kati, au mbele kidogo ya mabeki, akiyavunja mashambulizi kabla hayajafika langoni. Mwezi wa Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 21, alitoka Aigle Noir ya Makamba, iliyokuwa bingwa wa Burundi katika msimu wa 2018-2019, akajiunga na Yeni Malatyaspor ya Uturuki. Timu hiyo haikuwa miongoni mwa vigogo wa ligi. Lakini kwa beki, timu dhaifu nayo ni shule: hushambuliwa katika kila mchezo, na asimamaye imara huonekana. Mwaka 2021 alichukuliwa na Başakşehir ya Istanbul. Januari 2023 akahamia Nice, nchini Ufaransa. Katika msimu wa 2023-2024 klabu hiyo ilifungwa mabao 29 tu katika michezo 34, idadi iliyo ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote katika ligi ile.

Sasa tufafanue upande wa fedha. Mchezaji anapohamia nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, klabu mpya huilipa ile ya zamani. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya malipo hayo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una fungu la robo ya asilimia 1. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia 1. Kwa mfano, akinunuliwa kwa yuro milioni 1, klabu iliyomlea kwa misimu miwili, alipokuwa na miaka 16 na 17, inastahili yuro 10,000.

Tuitazame basi Minago, ufukoni mwa Tanganyika, katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kwa timu ya vijana wa kijiji cha wavuvi, fedha kama hizo ni mipira, viatu na nyavu za magoli kwa miaka mingi. Lakini haki hiyo haiji yenyewe. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukokotoa na kugawa mafungu hayo, nacho hutazama kumbukumbu za usajili. Klabu isiyojiandikisha katika shirikisho la nchi yake, au isiyosajili jina la kijana na tarehe za kuingia na kutoka kwake, hukosa hoja ya kudai, hata kama kijiji kizima kinakumbuka kwamba ndiyo iliyomfundisha.

Ndugu wasikilizaji, wako miongoni mwenu wanaowafundisha vijana mpira baada ya kazi. Katika kila kituo cha zamu kuna daftari: nani ameingia, nani ametoka, na saa ngapi. Hakuna mkuu anayekubali neno la mdomo badala ya daftari hilo. Basi timu ya vijana nayo na iwe na daftari lake, na majina yaliyomo yafikishwe kwenye shirikisho kila msimu. Kijana atakayeondoka kesho huenda akawa mlinzi wa lango la mbali. Jasho la waliomlea nalo lataka mlinzi wake hapa nyumbani.