Binti wa Kihoto na Mahojiano ya Upambaji

Mama zangu na mabinti zangu, mwaka 2025 maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia mtaa wa Kihoto, maelfu ya wakazi walihama nyumba zao. Binti wa familia mojawapo, mpambaji wa maharusi, aliitwa saluni kwa mahojiano ya vitendo: aje na vifaa vyake, ampambe mtu mbele ya mwenye saluni. Akanipigia simu. "Shekhe, wakiniamuru nimnyonyoe nyusi, nifanyeje?"

Kodi ilikuwa ikimngoja, nami sikutaka kumjibu kwa wepesi. Kunyonyoa nyusi kumekatazwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ingawa wanazuoni wamehitilafiana katika mipaka yake. Nilimwambia alitaje hilo mapema, kabla hajafungua mkoba, na aeleze kwamba hupamba wanawake pekee. Nyusi atazitengeneza kwa brashi na wanja. Akikataa huku kazi imeshaanza, atadhaniwa hajui.

Mengine alimfunza mke wangu, aliyepamba maharusi wengi kuliko ndoa nilizofungisha mimi. Anayekupima hutazama mikono kabla ya rangi: umenawa? Brashi ni safi? Umemwuliza mteja iwapo ngozi yake hudhuriwa na kitu? Poda hujaribiwa kwenye taya, si mgongoni mwa kiganja, kwani rangi zake hazilingani. Na mteja Mwislamu atawadhe kwanza, maana rangi isiyopitisha maji huzuia udhu.

Binti aliyasema yake mlangoni. Mwenye saluni akamjibu, "Haya, keti tuione kazi yako."