Lubumbashi: Nyumba ya mfano inapendeza, lakini haionyeshi yote

Siku ya posho, saa tatu za asubuhi, basi dogo linasimama karibu na posta, katikati ya mji wa Lubumbashi. Safari ni bure. Ndani kuna watu kumi na wawili: wafanyakazi wa mgodi, muuguzi mmoja, kijana aliyetumwa na dada yake anayeishi Ulaya, na mume na mke kutoka mtaa wa Katuba. Wote wanaenda kuona nyumba ambayo hakuna mtu anayelala ndani yake.

Ni nyumba ya mfano. Kampuni ya ujenzi inajenga moja, inaimaliza vizuri, inaweka viti na mapazia, halafu inaalika watu waje kuitazama. Zile zingine bado ziko kwenye karatasi. Anayependa anatoa avansi, na nyumba yake inajengwa kwa pesa yake mwenyewe na pesa za wenzake.

Kwa miaka ya karibuni, mipango ya namna hii imeongezeka kandokando ya Lubumbashi. Majina kama Luano City, karibu na uwanja wa ndege, na Kiswishi, yanajulikana. Lakini kuna pia viwanja vingi vidogo, vya kampuni zisizojulikana sana, kule ambako mtaa wa Annexe unameza mashamba na vichuguu. Tulienda kwenye kimoja cha hivyo vidogo. Hatutataja jina lake, kwa kuwa tuliyoyaona pale yanaweza kumpata mnunuzi mahali popote.

Makaro yanang'aa, robine haitoi maji

Mlangoni, kijana mwenye shati jeupe anapokea kila mtu kwa heshima: «Karibu Papa, karibu Mama, jisikieni nyumbani.» Anaomba watu wavue viatu. Makaro ni meupe, plafo ina taa ndogondogo nyingi, jikoni kuna makabati mekundu. Vyumba ni vitatu, vyoo viwili. Wageni wanapiga picha na kuzituma kwa simu papo hapo.

Mama wa Katuba hapigi picha. Anauza vitenge sokoni na amezoea kugusa kitu kabla ya kuuliza bei. Anafungua robine ya jikoni. Hakuna maji. Kijana anaeleza kwamba maji yatafika «wakati mradi utakamilika». Mama anazunguka nyuma ya nyumba na kukuta tangi la plastiki na jenereta ndogo. Kumbe taa zote zile zinawaka kwa mafuta.

Hapo ndipo maswali ya kweli yanaanza. REGIDESO itafika hapa lini, au kampuni itachimba kisima? Nani atalipa? SNEL imekubali kuleta waya, na kabini ya umeme itanunuliwa na nani? Katika mji ambako hata mitaa ya zamani inakaa siku nyingi bila umeme, maswali haya si madogo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kila mtu kuwa na makazi bora, maji ya kunywa na umeme. Lakini mkataba wa kununua nyumba ndio unaosema nani atavuta bomba mpaka mlangoni kwako.

Mume, mwalimu wa sekondari, anapima chumba cha kulala kwa hatua zake. Anagundua kwamba kitanda kilichowekwa pale ni kidogo kuliko cha kwake, na kabati la nguo halipo. Anauliza kama ukuta wa nje, makabati ya jikoni na pave za uani zimo katika bei. Ukuta haumo. Makabati hayamo. Pave hazimo. Yaani, ile nyumba waliyoiona na ile watakayopewa si nyumba moja.

Kiangazi kinaficha mengi

Kuna jambo lingine. Ziara hizi hufanyika sana wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Barabara ni kavu, vumbi jekundu tu. Mvua za Lubumbashi zinaanza kwa nguvu mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Machi au Aprili. Wakati huo ndipo unajua maji yanapita wapi, kama gari linaweza kufika, na kama shimo la choo linajaa.

Mchimbaji wa visima tuliyekutana naye karibu na kiwanja alituonyesha bonde dogo nyuma ya nyumba ya mfano, lenye majani mabichi katikati ya kiangazi. Alisema kwamba majani yakibaki mabichi mwezi wa Agosti, maji hayako mbali chini yake. Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, bonde hilo limegawanywa viwanja vinane.

Udongo ni wa nani?

Wakazi wa Lubumbashi si wageni kwa nyumba za mistari. Tangu mji uanzishwe mwaka 1910, Union Minière ilijenga kambi za wafanyakazi wake. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda ofisi ya miji ya Waafrika, OCA, iliyojenga nyumba katika miji mikubwa ya Kongo, pamoja na huu. Baada ya uhuru, kazi hiyo ilipungua sana. Familia nyingi zikajenga zenyewe, kidogokidogo: mwaka huu tofali za udongo wa kichuguu, mwaka kesho mabati, mwaka unaofuata madirisha.

Katika njia hiyo ya zamani, mtu alianza na kiwanja na kumaliza na nyumba. Kwenye nyumba ya mfano, mtu anaanza na makaro na kusahau kiwanja.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Raia au kampuni hupewa haki ya kuutumia, yaani konsesyo. Mkongomani anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Kampuni hupewa konsesyo ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Na haki hiyo inathibitishwa kisheria na karatasi moja tu: cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Reseti ya kampuni si cheti. Karatasi ya mkuu wa kata si cheti. Hata mkataba uliopigwa mihuri mitatu si cheti.

Kwa hiyo, anayenunua nyumba katika mradi anapaswa kuuliza mambo matatu. Je, kampuni ina cheti cha ardhi yote, na kimebakiza miaka mingapi? Je, ardhi imegawanywa na kadasta, kila nyumba ikiwa na namba yake? Na je, mkataba unasema siku gani cheti kitatoka kwa jina la mnunuzi, na kampuni itafanya nini ikichelewa?

Avansi na nyumba ya Katuba

Ndani ya chumba cha mazungumzo, kijana wa shati jeupe anatoa soda na karatasi ya bei. Avansi ni theluthi moja, kwa dola. Iliyobaki inalipwa kila mwezi. Anaongeza kwamba bei hii ni mpaka mwisho wa mwezi tu, na kwamba nyumba tano zimekwisha kuchukuliwa asubuhi hiyo. Hatukuona mtu akitia sahihi.

Kwa mume na mke, avansi hiyo ina jina: ni nyumba yao ya Katuba. Komisioneri amekwisha kuwaletea mnunuzi. Wakiiuza, watapanga chumba mahali fulani na watoto wanne, huku wakingoja nyumba mpya ijengwe. Mradi ukisimama, watakuwa hawana ya zamani wala mpya. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ni michache nchini, kwa hiyo watu wengi wa kipato cha kati hawana njia nyingine ya kupata pesa nyingi kwa mara moja.

Mwalimu alitaka kutia sahihi siku ileile. Mke wake akamwambia polepole: «Baba watoto, tungoje siku ya kwanza, tuende kwanza kwa konservateri.»

Walienda, na tuliwasindikiza. Jibu halikuwa la kutisha, lakini halikuwa pia lile waliloambiwa. Cheti kipo, kwa jina la kampuni, kwa ardhi yote nzima. Mgawanyo wa viwanja bado haujafanyika. Nyumba waliyoonyeshwa kwenye ramani, namba 27, kwa upande wa kadasta bado haipo.

Waliirudia kampuni na ombi moja: avansi ilipwe kwa vipande, kimoja wakati wa msingi, kingine wakati wa mabati, na cha mwisho siku ya kupokea cheti, na yote yaandikwe mbele ya notari. Kampuni iliahidi kujibu. Mwisho wa mwezi ulipita. Tulipopiga simu wiki iliyofuata kama wanunuzi wengine, bei ilikuwa ileile.

Nyumba ya Katuba haijauzwa. Mwalimu bado ana picha za jiko jekundu kwenye simu yake, na anakiri kwamba huzitazama usiku. Mke wake amesema watarudi kule mwezi wa Desemba, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Safari hiyo hawatapanda basi la bure. Watapanda pikipiki, na atavaa bote.