Mgonjwa Asiyeamka

Mtu aliyelala usingizi huamka ukimwita au ukimtikisa. Mtu aliyepoteza fahamu haamki. Anapumua, na moyo wake unapiga, lakini ubongo wake umezidiwa. Si maiti, wala si mtu wa kuachwa apumzike.

Hali yake unaweza kuipima wewe mwenyewe hapo nyumbani. Mwite jina lake kwa sauti kubwa. Akifumbua macho na kujibu maneno ya maana, fahamu anazo. Asipojibu, mtikise bega kidogo. Akiwa bado kimya, bonyeza ukucha wa kidole chake kwa kalamu, kisha tazama. Je, anauvuta mkono? Analia, au anaguna tu? Anayeuvuta mkono bado anasikia maumivu. Asiyefanya lolote ndiye aliyezama zaidi. Lakini wote wawili ni wa kupelekwa hospitali.

Madaktari nao hupima hivyo hivyo. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha macho, maneno na viungo. Alama ya juu ni 15, ya chini ni 3. Mtoto mchanga hawezi kujibu maswali, kwa hiyo kipo kipimo cha watoto kilichotokea Blantyre, Malawi. Hicho kina alama 0 hadi 5. Mtoto mwenye alama 2 au pungufu amepoteza fahamu.

Vijijini kwetu watoto wengi hupatwa na hali hii malaria inapopanda kichwani. Asubuhi mtoto ana homa, jioni anakakamaa na macho yanageuka juu. Watu husema ni degedege, wanamfukiza moshi wa mavi ya tembo. Wengine husema akichomwa sindano atakufa. Sivyo! Sindano ya dawa ya malaria kali ndiyo inayomwokoa. Kinachoua ni kuchelewa. Na degedege likipita, mtoto asipoamka, msiseme amepona. Mpime.

Watu wazima wana sababu nyingine pia: kuumia kichwa, kifafa, sumu, ugonjwa wa sukari. Mlevi asiyeamka huenda ameanguka akapasuka kichwa, naye apelekwe.

Mlaze mgonjwa ubavu, ili matapishi yatoke na ulimi usizibe koo. Usimtie kitu mdomoni: maji, uji, kijiko, hata dawa ya kumeza. Vitampalia. Kisha ondokeni, hata kama ni usiku.

Njiani mpime tena na ukumbuke saa. Mama mmoja alifika zahanati akaniambia, "Saa nne alilia nilipombonyeza, saa sita halii tena." Sikuhitaji kumwuliza zaidi. Nilianza kazi papo hapo.